Homa Anayoifuata kwa Miguu

"Mshike sawasawa, baba. Umemshika kama unamsalimia."

"Nimemshika. Wewe vuta."

Dobi aliingiza kibano kinywani mwa kenge, upande wa kushoto, akakigusa kile kitu. Haukuwa usaha aliouzoea, ule unaotiririka ukajua pa kuufutia. Usaha wa kenge haumwagiki. Unakaa kwenye fizi unaganda, tabaka juu ya tabaka, rangi ya siagi iliyosahaulika kabatini, mpaka unakuwa kama kipande cha jibini ambacho mtu amekichomeka hapo kwa makusudi. Alikibana, akavuta taratibu. Kikatoka kizima, kirefu kama kiungo cha kidole, na nyuma yake ukafuata uzi wa ute na tone la damu.

Kisha harufu. Miaka kumi na tisa ya kufua nguo za watu ilikuwa imemfundisha uvundo wa kila aina: soksi za madereva wa malori, nepi, mashuka ya wagonjwa, aproni za mchinja nyama. Kila mmoja aliujua kwa jina na kwa dawa yake. Huu haukuwa na jina. Ulikuwa na samaki ndani yake, na kitu kama sarafu iliyowekwa mdomoni, na ulipoingia puani ulikwenda kukaa nyuma ya ulimi kama mgeni aliyekuja na sanduku.

Aligeuza kichwa, akafunga midomo, akameza mate mara mbili. Hakutapika.

"Kunja uso tu," mumewe alisema, mikono yake miwili ikiwa shingoni na kiunoni mwa yule mnyama. "Nani anakuangalia?"

"Sikunji."

Kweli hakukunja, na hilo lilikuwa na sababu.

Kenge yule hakuwa wao. Alikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe, aliyefundisha bayolojia kwa miaka thelathini katika shule moja, darasa moja. Aliletewa kenge angali mdogo, wa kutosha kwenye kiatu, akamfuga kwenye maabara mpaka akawa na urefu wa mkono wa mtu mzima bila kuhesabu mkia. Wanafunzi walimwita Mkaguzi, kwa sababu alipita kati ya madawati ameinua shingo, ulimi wenye panda ukionja kila kona, haongei na mtu, na akiondoka kila mmoja anashusha pumzi. Wifi alipostaafu, mwalimu mkuu alimwomba kwa heshima zote aondoke na mkaguzi wake.

Sasa wifi alikuwa hospitalini. Alianguka ngazini, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, na kidonda kikaingia wadudu. Wiki ya tano hiyo. Siku aliyobebwa kwenye machela hakuuliza nguo wala funguo. Alimshika dobi kifundo cha mkono akasema neno moja, "Mkaguzi." Dobi akajibu, "Nimekusikia, wifi." Hakuweza kujibu vingine. Mwanawe wa kwanza alipokuwa na miaka miwili alitapika na kuharisha siku kumi na moja, na katika siku zote hizo aliyeshika beseni alikuwa wifi. Dobi, mama mzazi, alikuwa akitoka nje mara kwa mara kuvuta hewa. Wifi hakutoka, wala hakukunja uso hata mara moja. Mtoto yule sasa ana ndevu.

Kwa hiyo alimpokea kenge. Lakini alimpokea kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Wazo la mnyama yule karibu na mashuka ya wateja lilimfanya ajikune mikono. Sanduku lake la kioo alilipeleka stoo ya nyuma, penye mapipa ya sabuni na vikapu vilivyopasuka, mahali ambapo majira hayo ya baridi ukuta ulitoa jasho asubuhi na maji ya ndoo yaliganda utando wa barafu juu. Taa ya joto ya sanduku ilipasuka njiani wakati wa kuhama. Mumewe akafunga nyingine, ya kuokoa umeme. Ilitoa mwanga wa kusomea gazeti, ila haikuweza kupasha hata ganda la yai. Hakuna aliyelifikiria hilo. Taa ilikuwa inawaka.

Siku ya kumi kenge aliacha kula. Siku ya kumi na nne dobi aliona ufizi umevimba, na wifi alipouliza hospitalini, "Mkaguzi anakula?" dobi alimjibu, "Anakula." Baada ya hapo ilibidi aseme hivyo kila alipokwenda.

"Upande wa kulia?" mumewe aliuliza.

"Subiri nipumue."

"Katika msafara wa mamba na kenge wamo," alisema yeye, akimtazama mnyama machoni. "Huyu wetu amepoteza msafara, akaangukia kwa dobi."

Daktari wa mifugo alikuwa amekuja mara moja tu, buti zake zikiwa na tope la mazizi. Alifungua kinywa cha kenge kwa kijiti, akakiangalia, akakifunga upesi.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, mama, nisikudanganye," alisema. "Kinywa kimeoza. Nitakuachia sindano sita, moja kila siku ya tatu, hapa begani. Na huo uchafu uutoe kila siku."

"Atapona?"

"Angekuwa ng'ombe ningekuambia."

"Na huyu?"

Daktari alimtazama kenge, kenge akamtazama daktari. "Huyu hata sijui kama ananiona."

Siku iliyofuata sindano ya kwanza, kenge alitoka. Mlango wa sanduku ulikuwa umechoka na mlango wa stoo haukufungika vizuri. Dobi alimkuta ndani ya chumba cha kufulia, amejinyoosha sakafuni kando ya bomba, tumbo limebandikwa chini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alimwita mumewe ambebe. Lakini mumewe alikuwa ametoka kupeleka mzigo, na mteja alikuwa anakuja, ikabidi amshike mwenyewe. Alivaa glavu mbili juu ya mbili. Bado alihisi magamba yakiteleza juu ya ngozi iliyolegea, kama soksi yenye mchanga ndani.

Na alihisi joto. Mwili wote ulikuwa moto.

Alikuwa mama wa watoto watatu. Mkono wake ulijua homa kabla ya kichwa chake. Alifanya alilolifanya miaka yote. Aliloweka taulo katika maji baridi, akamfunika, akamrudisha stoo, akamlaza kwenye saruji tupu ili apoe. Baada ya saa moja alimgusa tena. Joto lilikuwa limekwisha na kenge ametulia tuli.

"Homa imeshuka," alimwambia mumewe jioni.

"Mungu mkubwa."

Kesho yake kenge alitoka tena. Na kesho kutwa. Kila mara alikutwa moto, kila mara aliwekewa taulo la maji, kila mara alitulia. Wakati huo huo kinywa kilizidi kuoza. Palipotoka kipande kimoja cha jibini asubuhi, kesho yake vilikuwa viwili. Mkia uliokuwa mnene kama mkono ulianza kuonyesha mifupa. Sindano ya tatu iliingia begani, na ilikuwa kana kwamba ameichoma kwenye mto wa kulalia.

Dobi alikuwa na desturi moja katika kazi yake. Doa lolote alilizungushia chaki kabla ya kuligusa, akaandika pembeni siku na saa aliyoliona. Wasichana waliowahi kumfanyia kazi walimcheka, lakini yeye alisema doa lisilowekwa alama ni doa lililosamehewa. Basi kila mahali alipomkuta kenge amelala, alipiga mduara wa chaki sakafuni na kuandika siku na saa, ili Jumamosi mashine zikisimama apasugue kwa klorini. Hakutaka hata hatua moja ya mnyama yule ibaki bila kuoshwa.

Jumamosi ilipofika alijaza ndoo, akafunga kitambaa puani, akapiga magoti na brashi.

Mduara wa kwanza ulikuwa mwanzo wa bomba, hatua mbili kutoka mlango wa stoo. Alisugua. Wa pili ulikuwa kando ya bomba hilo hilo, mbele kidogo. Wa tatu bombani tena, mbele zaidi. Alipofika wa nne aliacha kusugua, akanyanyua kichwa, akaitafuta miduara mitatu iliyobaki kwa macho. Ilikuwa imepangana kama vifungo vya shati. Wa mwisho ulikuwa chini kabisa ya boila, lile tangi la kuchemshia maji ya kufulia, na kwenye mguu wa ngazi ya chuma kulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Alikuwa anajaribu kupanda.

Aliweka kiganja juu ya bomba lililotoka kwenye boila, akakitoa haraka. Akaenda stoo, akaweka kiganja kile kile kwenye saruji alipokuwa akimlaza kenge. Ilikuwa baridi kama kisu. Kisha akamgusa kenge mwenyewe, ndani ya sanduku, chini ya ile taa yake ya kusomea gazeti. Hakuwa baridi kupita sakafu wala moto kupita sakafu. Alikuwa sakafu.

Alikaa juu ya pipa la sabuni.

Mtoto mwenye homa ukimlaza sakafuni anabaki na homa yake. Sakafu ndiyo inayopata joto. Huyu hakuwa na homa ya kwake. Lile joto alilolihisi mikononi lilikuwa la boila. Kenge alikuwa amelifuata, siku baada ya siku, tumbo likiburuza, na yeye dobi alikuwa akimnyang'anya kwa taulo.

Na zile sindano? Alijua jibu kabla ya kujiuliza. Mchinja nyama alimletea aproni kila Jumatatu. Ukiiloweka kwenye maji baridi, tia sabuni uwezavyo, mafuta yanaganda juu yake yanakuangalia tu. Alikuwa ametia dawa kwenye maji ya barafu.

Alimwambia mumewe yote, neno kwa neno, wakiwa wamesimama juu ya miduara.

"Kumbe tumekuwa tukimnyang'anya," mumewe alisema.

"Si sisi. Mimi."

"Taa niliiweka mimi."

Dobi alijifuta chaki vidoleni. "Haya. Sisi."

Juu ya boila kulikuwa na kichanja cha mbao, mahali pa kumalizia kukausha mashuka. Palikuwa mahali safi kuliko pote katika nyumba ile. Hata mkono wenye hina mbichi haukuruhusiwa kupakaribia. Dobi aliteremsha mashuka. Akatandika magunia, akamweka kenge juu yake, na ili asije akashuka akafanya upumbavu wake, akamfunika kwa kikapu kikubwa cha waya na kukifunga kwa kamba. Aliona amelipa deni. Kama joto lilikuwa dawa, basi apate dawa.

Siku ya pili saa sita mchana alisikia kitu kama kucha kwenye ubao wa darasa. Alipanda ngazi. Kenge alikuwa amepanua kinywa, koo likipiga haraka haraka, fizi zimekauka na zile jibini zimegeuka maganda ya kahawia yaliyoshikana na nyama. Harufu ilikuwa imepikwa. Hilo ndilo neno pekee alilolipata: imepikwa. Kucha moja ya mbele ilikuwa imeng'oka kwenye waya na damu ilichora mistari juu ya gunia.

Alikata kamba kwa mkasi wa kitambaa, mkasi ambao hakuwahi kuukatia kitu kingine.

Mumewe alikuwa chini ya ngazi. "Kenge hasikii mpaka aone damu masikioni," alisema, akiangalia kidole cha mguu wake.

"Huyo kenge ni mimi?"

"Sijasema."

Kenge aliporomoka zaidi kuliko kushuka. Akavuka chumba cha kufulia polepole, akapita bomba bila kulitazama, akaenda kujilaza kwenye kizingiti cha stoo, nusu ndani nusu nje, pale upepo wa baridi unapopita. Hakusogea tena. Macho yalikuwa nusu yamefungwa.

Dobi alisimama mbele yake kwa muda. Katika wiki nzima mnyama huyu alikuwa akitafuta moto, na sasa ameupa mgongo. Alichojua yeye ni kwamba mgonjwa anayeacha dawa aliyokuwa akiililia ameshakata tamaa. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu kufika wakati wa kuona wagonjwa. Alinawa mikono mpaka viwiko, mara tatu, akanusa vidole. Bado. Akavaa koti akaondoka.

Wifi alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ya mtu mwingine. Uso uling'aa kwa jasho, na bado alikuwa anatetemeka.

"Wifi, nirudishie blanketi."

"Muuguzi amesema usijifunike."

"Muuguzi haisikii baridi ninayoisikia mimi."

Dobi alitazama mlangoni, akamfunika miguu tu. Akakaa. Wifi alisubiri kidogo, kisha akauliza kama alivyouliza kila siku.

"Mkaguzi anakula?"

Safari hii dobi alivuta uzi uliojitokeza kwenye ukingo wa shuka la hospitali. Pindo lilikuwa limeshonwa vibaya.

"Nina swali la bayolojia," alisema.

"Umeanza shule lini?"

"Mnyama kama Mkaguzi, kwa mfano, akiumwa..."

"Anaumwa nini?"

"Nimesema akiumwa."

"Na mimi nimeuliza anaumwa nini."

Ulikuwa ule ule mtindo aliowafanyia watoto wa watu kwa miaka thelathini, na dobi alijisikia kama amekutwa na karatasi mkononi. "Kinywa," alisema. "Kimeoza. Usaha unaganda. Nautoa kila siku."

"Nani anautoa?"

"Mimi."

Wifi alichukua mkono wake, akaugeuza, akaangalia vidole vilivyopauka kwa klorini. "Kwa mkono huu?"

"Kwa kibano. Mkono ungekataa."

Wifi alicheka, akakohoa, akashika ubavu, akacheka tena kidogo. Kisha akauachia mkono wa dobi.

"Haya, eleza. Mwanzo mpaka mwisho."

Dobi alieleza. Stoo, taa, mataulo, miduara saba, kichanja, kikapu. Hakuruka kitu. Aliposema neno kikapu, wifi alifumba macho.

"Ukampika."

"Karibu."

"Sikiliza. Mimi homa imenifuata hapa kitandani, sikuiita. Mwili wangu ndio unaoiwasha. Yeye hana wa kumwashia. Akitaka homa lazima aifuate kwa miguu yake."

"Aliifuata. Nikamrudisha mara saba."

"Nimesikia. Sasa niangalie mimi. Wiki ngapi za homa? Nimebaki nini?"

Dobi alitazama ile shingo.

"Homa inakula, wifi. Inaua wadudu, na mwenye nyumba inamla pia. Yeye hajala siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Basi anapima. Akiba ikiwa ndogo anarudi baridini ili mwili utumie kidogo. Akipata nguvu anapanda tena. Jamaa zake wanaoishi kwenye nchi za baridi wanaishi hivyo: jua likitoka kwa saa mbili tu, wanatumia hizo saa mbili, zilizobaki wanakaa baridi tuli."

"Kwa hiyo pale kizingitini hafi?"

"Sijui. Wapo wanaopanda joto wakapona. Wapo wanaolala kwenye baridi wakapona. Na wapo wanaokufa huku na huku. Hata waliosoma kuliko mimi hawajamaliza kubishana."

"Na akipima vibaya?"

"Basi atakufa amepima mwenyewe." Wifi alivuta blanketi likafika magotini, akitazama mlangoni kama mwanafunzi. "Wewe mfungulie milango. Na usikae kumkodolea macho, hapendi."

Njiani dobi hakuona mtaa wala watu. Aliwaza kuhusu damu. Mafuta yanataka maji ya moto, lakini damu ukiimwagia maji ya moto umeipiga muhuri, haitoki mpaka nguo ichakae. Damu inatolewa kwa maji baridi. Kila aliyemfundisha kazi alimfundisha hilo kwanza. Alilijua kwa miaka kumi na tisa, na bado alikuwa amemfunga kiumbe juu ya boila kwa kamba.

Alimkuta palepale kizingitini. Hakumgusa. Aliweka kabari ya mbao kwenye mlango wa stoo ili usijifunge, akafanya hivyo na wa chumba cha kufulia. Mumewe alileta ubao mrefu, akaupigilia vipande vya mbao kama ngazi ya kuku, akauegemeza kwenye kichanja. Mashuka yalihamia kwenye kamba iliyofungwa kutoka dirisha hadi dirisha, ambako yalikauka kwa uvivu na kumpiga kila mtu usoni.

"Biashara imekuwa ya nani hapa?" mumewe aliuliza, akitoa pindo la shuka mdomoni.

"Ya Mkaguzi. Sisi tumeajiriwa."

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, boila liliposhika moto, kenge alifumbua macho. Alikaa hivyo karibu nusu saa. Kisha akaanza kupanda ubao, mguu mmoja, kituo, mguu mwingine, kituo. Alilala kwenye magunia mpaka saa nane na ushei, akashuka, akarudi kizingitini. Kesho yake alikaa mpaka saa tisa. Siku ya tatu alipanda saa tano tu na kushuka saa saba, na dobi, aliyekuwa akipiga pasi huku akijidai hamwoni, aliunguza kola ya shati. Hakumrudisha juu. Alipiga mduara, akaandika saa. Bado alipasugua kila mahali alipolala, maana kinyaa hakikuwa kimemtoka. Lakini sasa kwanza alinakili saa zile ukutani, ndipo akasugua.

Siku ya nne kenge alikula yai bichi. Dobi alitamani asingeona. Alilipasua kwa meno aliyobaki nayo, kiini kikachuruzika kupitia tundu lililokuwa na usaha, kikachanganyika na ute, kikaning'inia kidevuni kama kamasi la mtoto, naye akainua kichwa na kumeza, akaulamba ule uzi kwa ulimi wake wa panda, na kumeza tena. Sauti ilikuwa ya mtu anayetoa kiatu kwenye matope. Mumewe aliomba ruhusa akatoka. Dobi alibaki, ameshika ukingo wa meza, akihesabu vifungo vya shati lililokuwa mbele yake. Vilikuwa vinane.

Sindano ya sita iliingia Jumamosi. Jumatatu mchana walimshika tena kwa ajili ya kinywa.

Upande wa kushoto ulikuwa umebadilika. Ufizi ulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, kama shati jekundu lililofuliwa mara nyingi, na palipotoka jibini ya kwanza palikuwa na kovu dogo. Upande wa kulia bado. Kwenye kiungo cha taya, ndani kabisa, kulikuwa na kipande kikubwa kuliko vyote, ambacho kila siku alikisogeza kidogo na kila siku kiligoma. Leo alikibana, akakizungusha. Kililegea. Kilitoka nusu, na harufu yake, iliyokuwa imefungwa humo wiki nzima, ikatoka yote.

Ndipo kenge alipofunga kinywa.

Hakufunga kama alivyozoea, kwa uzembe wa mgonjwa. Alifunga taya juu ya kibano kwa nguvu iliyofika mpaka kwenye kiwiko cha dobi, akatoa sauti ya mvuke, akampiga mume wa dobi mkia wa tumbo.

"Vuta," mumewe alisema, amejikunja.

"Nikivuta nitang'oa na fizi."

"Basi mwachie."

"Mwachie wewe kwanza."

Walimwachia pamoja. Kenge aliondoka na kibano kinywani kama fundi cherehani mwenye pini, akapanda ubao. Juu ya kichanja alikitema, kikaanguka nyuma ya boila kwa mlio mdogo. Saa nane kasoro. Bado alikuwa na muda wake wa moto.

Dobi alipanda ngazi kukitafuta, na ndipo alipoona kwamba kamba ya dirishani ilikuwa imelegea na shuka moja la nyumba ya wageni, jeupe, la kitanda kipana, limening'inia mpaka juu ya kichanja. Kenge alikuwa amelitumia, na halikuwa jambo la dakika hiyo. Katikati ya shuka kulikuwa na rundo lenye urefu wa kidole, jeusi, lenye unyevu, na mwishoni mwake tonge jeupe kama chokaa mbichi. Vipande vya ganda la yai vilionekana ndani. Uvundo wa kinywa ukilinganishwa na huu ulikuwa manukato.

Kilichoingia kimepita. Kimesagwa, kimechukuliwa kilichochukuliwa, na kilichobaki kimetolewa.

Alikitazama. Hakuna aliyekuwa akimwona, mumewe alikuwa chini anajipapasa tumbo. Akakunja uso, wote, pua, midomo na paji, kwa wiki zote alizokuwa hajaukunja.

"Kuna nini huko?" mumewe aliuliza.

"Amekunya."

Mumewe aliacha kujipapasa. "Kwenye shuka?"

"La watu."

"Sasa kesho utamwambia nini dada?"

"Kwamba amekunya."

"Hivyo hivyo?"

"Ni mwalimu wa bayolojia."

Alikunja shuka kuelekea ndani, pembe nne zikakutana, akashuka nalo amelishika mbali na kifua. Kwenye beseni aliliwekea maji baridi kwanza. Ya moto yangesubiri. Kibano kingine kilikuwa kwenye kabati, lakini kingetaka kuchemshwa, na mnyama alikuwa ameshafumba macho juu ya moto wake, ile nusu ya jibini ingali imechungulia pembeni mwa taya kama ulimi wa pili. Dobi alichukua chaki. Kwenye ukuta, chini ya zile saa, aliandika: kulia, nusu. Kisha akaenda kunawa.